Tiba ya mzizi wa jino: Vifaa vipya vyapunguza maumivu na bakteria

MAUMIVU ya jino yanapomnyima mtu usingizi, wengi huenda hospitalini na ombi moja tu: ling’olewe. Hata hivyo, jino ambalo kiini chake kimeoza mara nyingi laweza kuokolewa, mradi bakteria waliojificha mizizini waondolewe.

Kazi hiyo ndiyo tiba ya mzizi wa jino. Daktari hutia ganzi, hutoboa jino, huondoa kiini chenye neva na mishipa ya damu, husafisha mifereji ya mzizi kisha huiziba.

Umuhimu wa bakteria ulidhihirika mwaka 1965, watafiti wa Marekani Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walipotoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Viini vya panya wa kawaida vilioza. Vya panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote vilipona.

Ndiyo sababu vidonge vya kuua bakteria havitoshi peke yake. Kiini kikishakufa, damu haifiki tena ndani ya jino, hivyo dawa haina njia ya kupitia. Maumivu hutulia kwa muda, kisha hurejea.

Vifaa vipya

Kwa miaka mingi mifereji ilikwanguliwa kwa mkono, kwa vifaa vyembamba vya chuma kigumu. Mizizi ya magego imejipinda, na chuma hicho kilishindwa kufuata pindo hizo. Mwaka 1988 Walia, Brantley na Gerstein walichapisha utafiti kuhusu vifaa vya mchanganyiko wa nikeli na titani, ambavyo hupinda bila kukunjika. Leo huzungushwa na mota ndogo, hufupisha kazi, na kwa kawaida husukuma uchafu kidogo zaidi nje ya ncha ya mzizi. Uchafu huo ni chanzo kimojawapo cha maumivu baada ya tiba.

Kifaa kingine hutumia umeme hafifu kubaini mzizi unapoishia, mbinu iliyotokana na kazi ya Sunada wa Japani mwaka 1962. Kwa kushirikiana na eksirei, humzuia daktari kupita ncha na kujeruhi mfupa.

Lakini kukwangua hakufikii kila pembe. Dawa ya kuosha, ambayo kwa kawaida ni sodiamu haipokloraiti iliyo pia katika dawa ya kung’arisha nguo, huyeyusha mabaki na kuua bakteria. Mgonjwa asijaribu kuitumia nyumbani, kwani huunguza. Mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio huitikisa dawa hiyo ipenye vichochoro vidogo. Leza pia hutumika, ila haijachukua nafasi ya kuosha.

Pamoja na hayo, kinga mojawapo bora ni ya kale: kipande cha mpira kinachotenga jino na mate, kilichobuniwa na Barnum wa New York mwaka 1864. Bila kinga hiyo, mate huingiza bakteria wapya.

Hali ya Kajiado

Kitengela, mji uliokuwa na watu 154,436 katika sensa ya 2019, uko karibu na Nairobi. Kwa mfugaji anayeishi mbali na barabara ya Namanga, kila safari ya kliniki ni siku ya kazi iliyopotea. Vifaa vya mota hurahisisha kumaliza tiba kwa ziara moja, ambayo hufaulu karibu sawa na ziara kadhaa, ingawa maumivu ya siku za kwanza yaweza kuzidi kidogo.

Aidha, maji ya visima vingi eneo hili yana floridi nyingi, ambayo hupaka meno rangi ya kahawia. Rangi hiyo si ushahidi wa kuoza kwa kiini; eksirei na vipimo ndivyo huamua.

Tiba hii hugharimu kuliko kung’oa, kwa hivyo mgonjwa ana haki ya kuuliza mapema: Je, daktari amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC? Atatumia kinga ya mpira? Taji litawekwa lini? Gego lililotibiwa bila kufunikwa huvunjika kwa urahisi, na ufa hurudisha bakteria.

Uvimbe wa shavu au shingo wenye homa, au ugumu wa kumeza na kupumua, usisubiri miadi. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.