Unakesha kila usiku? Mishipa yako ya damu inahesabu

Saa tisa usiku. Mteja yuko Chicago, ambako bado ni jioni. Wewe uko Roysambu na laptopu, chipsi zilizopoa na kinywaji cha kukuweka macho. Ganji inaingia, kodi inalipwa. Presha? Hiyo ni ya wazee, wasema.

Pole, lakini mwili una saa yake. Ndani ya ubongo kuna kifungu kidogo cha seli kinachosoma mwanga na kuviambia viungo vingine kama ni usiku au mchana. Wamarekani Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walishinda Tuzo ya Nobel mwaka wa 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi, tena kwa kuchunguza vijinzi vya matunda!

Ukilala usiku, presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 na mishipa hupumzika. Alfajiri homoni huiamsha tena, na damu huganda kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mshtuko wa moyo hutokea sana kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita mchana.

Anayekesha huvuruga mpango huo. Presha hukosa kushuka inavyofaa, na chakula cha usiku wa manane huacha sukari na mafuta kwenye damu kwa muda mrefu. Taratibu, ngozi laini ya ndani ya mshipa huumia, kolesteroli hujipenyeza na njia huanza kuwa nyembamba. Haya huanza ujanani, na hayaumi.

Mwaka wa 2012, watafiti waliunganisha tafiti 34 zenye watu zaidi ya milioni mbili. Wafanyakazi wa zamu walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo iliyozidi kwa asilimia 23. Kweli, wengi wao huvuta sigara na kula ovyo, lakini hilo halikueleza kila kitu.

Hakuna anayekuambia uache kazi, landlodi hasubiri. Ila kula mlo mzito kabla ya zamu, weka pazia zito, na ulale saa zilezile kila siku. Kisha kapime presha. Ikisoma vizuri mchana, bado mwambie daktari kwamba unakesha, kwa sababu kipimo hicho hakionyeshi kama presha hushuka ukilala.