Ufundishaji wa Aloi Zenye Kumbukumbu ya Umbo katika Shule za Sekondari Mkoani Singida

Aloi zenye kumbukumbu ya umbo ni metali ambazo zikipindwa zikiwa baridi hurejea umbo lake la awali zinapopashwa joto. Inayofahamika zaidi ni nitinoli, aloi ya nikeli na titani iliyobuniwa na William Buehler nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950.

Ugumu wa mada hii hutokana na kile ambacho mwanafunzi amekwisha kujifunza: kwamba metali hutanuka ikipata joto. Jibu hilo lapaswa kupimwa kwa hesabu. Waya wa chuma wenye urefu wa sentimita 10, halijoto yake ikipanda kwa nyuzi 50, hurefuka kwa takribani milimita 0.06 tu. Waya wa nitinoli wa urefu huohuo, uliovutwa kwa milimita 4 ukiwa baridi, hufupika kwa karibu kiasi hichohicho ukipashwa joto. Tofauti basi si ya kiasi peke yake, bali pia ya mwelekeo.

Chanzo chake ni mpangilio wa atomu. Katika halijoto ya chini mpangilio huitwa martensaiti, ambao matabaka yake huinama pasipo atomu kupoteza majirani zake. Joto likizidi kiwango fulani, mpangilio hugeuka kuwa austenaiti, na kwa kuwa kila atomu ingali na majirani walewale, waya mzima hurudi.

Neno "kumbukumbu" lisiachwe bila ufafanuzi. Katika Kiswahili akumbukaye ni mwenye akili. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili au Kinyaturu na kujibu mtihani kwa Kiingereza huweza kulichukua jina hilo kuwa ndilo maelezo. Kwa maoni yetu, "urejeo wa umbo" lingefaa zaidi, ingawa lile la kwanza limekwisha kuzoeleka.

Kwa vitendo, mji wa Singida uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka karibu na nyuzi 95 za Selsiasi. Waya unaogeuka kati ya nyuzi 45 na 70 unatosheleza, na maji ya moto kutoka chupa ya chai yatafaa hata pasipo umeme. Waya unaogeuka chini ya halijoto ya darasa, kama ule wa kunyooshea meno, haufai: hujirudisha mara uachiliwapo, na darasa litaona mnyumbuko badala ya urejeo. Waya wa chuma uliopindwa uwekwe katika chombo kilekile, na wanafunzi waandike utabiri wao kabla ya maji kumiminwa.