Je, Wajua? Si Kila Muwasho ni Fangasi

Je, wajua kwamba mwanamke anaweza kumaliza dawa za fangasi za duka zima asipone, kwa sababu hana fangasi? Ngozi ya nje ya uke ina maradhi yake: pumu ya ngozi, soriasisi, mzio wa sabuni, laikeni. Hayaambukizwi kwa kujamiiana, wala hayaletwi na uchafu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tazama weusi uliozidi au rangi ya zambarau.

Je, wajua laikeni sklerosasi? Daktari Mfaransa Hallopeau aliieleza mwaka 1887. Ngozi huwa nyeupe, nyembamba, imejikunja kama karatasi ya sigara, na muwasho huchachamaa usiku. Weupe huo unaweza kuuzunguka uke na njia ya haja kubwa kwa umbo la tarakimu 8. Usipotibiwa, mashavu madogo ya uke hufutika taratibu na tendo la ndoa huuma. Hushika zaidi waliokoma hedhi, lakini pia wasichana ambao hawajavunja ungo. Kwa mtoto huacha michubuko na damu iliyovilia, hata ikadhaniwa amebakwa. Daktari apime kabla jirani hajatuhumiwa. Ila laikeni peke yake haithibitishi kwamba mtoto yuko salama.

Weupe usiowasha, na ngozi ni laini kama kawaida? Huenda ni vitiligo tu.

Aina nyingine ya laikeni, laikeni planasi, huingia mpaka ndani ya uke, na mdomoni pia. Kwa hiyo daktari akikuambia ufungue kinywa, hajapotea njia.

Je, wajua kuwa mara nyingi macho ya mtaalamu yanatosha? Akiwa na shaka, hupiga ganzi na kuchukua kinyama cha milimita 4 hivi kipelekwe maabara.

Tiba ya laikeni sklerosasi ni marhamu ya steroidi iitwayo klobetasoli, ya asilimia 0.05. Ndiyo, dawa ileile inayofichwa kwenye krimu za kujichubua! Usoni huharibu, hapa, kwa kipimo, hutuliza ugonjwa. Utaratibu uliozoeleka: mwezi wa kwanza kila usiku, wa pili usiku mmoja unapaka, unaofuata unaacha, wa tatu mara mbili kwa wiki. Tyubu ya gramu 30 inapaswa kutosha miezi hiyo 3. Marhamu huchoma kidogo kuliko krimu, maana haina vihifadhi vingi. Wanaoacha katikati kwa kuogopa steroidi hujirudisha nyuma: saratani huwapata chini ya 5 kati ya 100 wenye laikeni hii, na tiba ya kudumu huipunguza zaidi.

Sabuni yenye manukato, dawa ya kuua vijidudu na pedi za marashi, viache. Maji na mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanatosha.

Dada, mama, ukiona kidonda kisichopona au kinundu kigumu, usinunue tyubu nyingine. Nenda ukapimwe, na usikubali kuandikiwa dawa kabla hujatazamwa.