Ampli Ipi Yafaa Nyumbani? Mashauri kwa Jamaa za Goma

Katika mtaa wa Birere, karibu na mpaka wa Gisenyi, madukani hupangwa vyombo vya muziki vya kila namna: redio, spika ndefu ambazo watu wa Goma huziita bafle, na masanduku ya kukuza sauti, yaani ampli. Juu ya maboksi huandikwa hesabu kubwa kubwa, wati 1000, wati 3000, na kadhalika. Baba aliyeweka akiba miezi mingi ili jamaa yake ipate kusikiliza rumba na nyimbo za kwaya wakati wa jioni husimama mbele ya masanduku hayo asijue ashike lipi. Muuzaji humwambia achukue lenye nguvu zaidi.

Shauri hilo sisi hatulikubali. Katika mji kama Goma swali la kwanza si nguvu ngapi hutoka, bali ni umeme kiasi gani huingia, na ni sehemu gani ya umeme huo hugeuka kuwa sauti. Jibu lake limo katika herufi moja au mbili ambazo wauzaji wengi hawazitaji: A, B, AB au D. Hayo ndiyo madaraja ya ampli. Wanafunzi wasidhani kuwa herufi hizi ni kama alama za mtihani, kwamba A ndiye mshindi na D ameshindwa. Zilitolewa kwa kufuata mpango wa alfabeti tu, kila njia mpya ikapewa herufi iliyofuata. Hata wale wasemao kwamba D maana yake ni “dijitali” wamekosea.

Kwanza yafaa tujue ampli hufanya kazi gani. Haiumbi nguvu. Umeme utokao katika simu au katika mashine ya sidii ni mdogo mno, hauwezi kuisukuma spika. Ampli huutumia umeme huo mdogo kama amri ya kufungulia na kufungia mlango wa umeme mkubwa, ule utokao ukutani au katika betri. Mlinzi wa mlango huo siku hizi ni transista. Zamani ilikuwa lampu ya kioo. Tofauti ya madaraja yote ni hii tu: mlinzi afanyaje kazi yake, na apumzike lini.

Katika daraja A mlinzi hapumziki kamwe. Umeme hupita ndani yake wakati wote, hata muziki ukiwa umenyamaza. Ni kama mama awashaye moto wa kupikia harusi, akauacha ukiwaka mchana kutwa, ili mgeni akija apate kikombe kimoja cha chai. Chai itakuwa tayari upesi, na itakuwa nzuri, lakini hesabu kuni! Sauti ya daraja A husifiwa kwa usafi wake, na sifa hiyo si ya uongo. Mwaka 1969 fundi Mwingereza John Linsley Hood alitangaza katika gazeti la Wireless World mchoro wa ampli ya namna hiyo, yenye kutoa wati 10 tu kila upande. Mafundi wapenda muziki wangali wakiijenga hata leo. Lakini ili itoe wati hizo 10, kila upande hula zaidi ya wati 30 bila kukoma, uwe unasikiliza au umekwenda kulala ukaisahau. Umeme usiogeuka sauti hugeuka joto, ndiyo sababu ampli hizo huvikwa mbavu kubwa za aluminiamu za kulitoa.

Daraja B lilikuja na akili nyingine. Hapa walinzi ni wawili, kama wanawake wawili watwangao katika kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda, wa yule hushuka. Mmoja hushughulikia nusu ya juu ya wimbi la sauti, na mwenziwe nusu ya chini, na kila mmoja hupumzika zamu yake isipofika. Kwa hesabu za wataalamu, njia hii yaweza kugeuza umeme hadi 78 kwa mia. Daraja A halivuki 50, na kwa mipango mingine ya waya halivuki 25. Lakini ipo kasoro. Wakati wa kupokezana, mmoja amekwisha acha na mwenziwe hajaanza bado, hutokea pengo dogo sana, na sikio hulisikia kama mkwaruzo. Ajabu ni kwamba mkwaruzo huo huonekana zaidi sauti ikiwa ndogo, maana wimbi likiwa kubwa pengo humezwa, likiwa dogo pengo ni sehemu kubwa ya wimbi lenyewe.

Mafundi wakatafuta njia ya kati, nayo ni AB: kila mlinzi huanza kidogo kabla mwenziwe hajaacha, pengo likazibwa. Gharama yake ni umeme kidogo upitao wakati wote, lakini si kama ule wa A. Ampli nyingi zilizouzwa kwa nyumba tangu miaka ya 1970 ni za AB, na ikiwa msomaji ana sanduku zito la zamani lililotoka Ulaya, huenda ni la ukoo huo.

Sasa tufike kwenye D, maana hapo ndipo kazi ilipobadilika kabisa. Fikiri mtu aliyeshika mlango nusu wazi, watu wengi wakiusukuma: huyo huchoka na kutoka jasho. Mlango ukiwa wazi kabisa hachoki, watu wapita wenyewe; ukiwa umefungwa kabisa na komeo limetiwa, pia hachoki. Transista ni vivyo hivyo. Joto lake huja pale inapokuwa nusu wazi. Katika daraja D haikai nusu wazi hata kidogo. Hufunguka kabisa na kufunga kabisa, mara laki tatu au nne kwa sekunde, na nyingine hata zaidi. Wimbi likitaka nguvu nyingi, mlango hukaa wazi muda mrefu kidogo kuliko unavyofungwa. Likitaka chache, muda mfupi. Kisha koili na kondensa, zilizowekwa kabla ya spika, hulainisha mapigo hayo, kama mtungi wenye tundu chini: utautilia maji kwa vikombe, lakini hapo chini yatatoka kwa mkondo mmoja.

Akili hii si ya juzi. Mwaka 1964 Clive Sinclair wa Uingereza aliuza ampli ya namna hiyo iliyoitwa X-10, lakini transista za siku zile hazikuweza kufunguka na kufunga upesi wa kutosha, nayo ikawa na sifa mbaya. Leo transista zimekuwa nyepesi, na ampli ya D iliyotengenezwa vema hugeuza hata zaidi ya 90 kwa mia ya umeme wake kuwa nguvu ya kusukuma spika, ikifanya kazi kwa nguvu.

Huenda msomaji atauliza: haya yanihusu nini mimi? Yamhusu, kwa kuwa umeme wa Goma, au kuraa kama wasemavyo wenyeji, una historia ngumu. Kwa miaka mingi mji ulitegemea shirika la SNEL na waya zitokazo Ruzizi, kituo kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwezi wa Desemba 2015 kilifunguliwa kituo cha Matebe katika mto Rutshuru, chenye zaidi ya megawati 13, na mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikaweka mtambo wa jua wa megawati 1.3 katika mtaa wa Ndosho. Hayo yaliwapa watu wengi nafuu. Lakini vita vya Januari 2025 viliharibu waya, na mji ukakaa gizani siku kadhaa. Tena nyumba nyingi hazijafikiwa na waya hata mmoja. Taa na simu zao hutegemea paneli ndogo ya jua na betri.

Tufanye hesabu pamoja, na wanafunzi washike kalamu. Betri ya gari ya volti 12 na amperi-saa 100 ina wati-saa 1200. Betri ya namna hiyo isitumiwe zaidi ya nusu yake, isije ikafa mapema. Basi zabaki 600. Ampli ya daraja A ya siku hizi, yenye kutoa wati 30 kila upande, huweza kula wati 200: betri itaisha kwa saa 3, na watoto hawatapata taa ya kusomea. Ampli ya AB ikisikilizwa kwa sauti ya nyumbani huenda ikala wati 40: saa 15. Ndogo ya daraja D ikila wati 10 itacheza saa 60. Na A na AB kwa kawaida hutaka volti 220, yaani lazima kuwe na inveta, ambayo nayo hula sehemu yake. Ampli nyingi ndogo za D hukubali volti 12 za betri moja kwa moja.

Lakini tusidanganyane. Kwa volti 12, ampli ya kawaida ya D haitoi zaidi ya wati 9 hivi kila upande katika spika ya omu 8, hata kama boksi lasema 100. Je, wati 9 zatosha? Zatosha sana. Spika ya kawaida ikipewa wati moja tu hutoa, kwa umbali wa meta moja, desibeli 87 hivi, na mazungumzo ya watu hayazidi 65. Kuongeza wati kutoka 10 hata 20 ni tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti ionekane kuwa mara mbili, wati zapaswa kuzidishwa mara 10. Na nyumba nyingi za Goma ni za mbao, zilizosimamishwa juu ya mawe ya moto uliotoka Nyiragongo mwaka 2002. Ubao hauzuii sauti: anachosikiliza baba huyu, majirani wanne husikiliza pia, watake wasitake.

Hesabu zile za boksi nazo zina dawa yake. Geuza sanduku nyuma usome kiasi cha umeme linachokula. Kama ampli hupewa umeme na adapta ya volti 12 na amperi 2, basi huingia wati 24, na haiwezekani zitoke 3000, kama vile debe moja la mahindi lisivyoweza kutoa magunia ya unga.

Kuna mambo ya hali ya nchi pia. Goma iko juu kiasi cha meta 1500, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu moja ya saba hivi, hata haipozi vyombo vizuri. Vumbi jeusi la mawe ya volkano nalo huingia kila mahali na kuziba matundu ya kutolea joto. Sanduku lenye moto sana, limefunikwa kitambaa cha mapambo na kusukumwa kwenye ukuta wa mbao, si chombo cha kuchezea. Kwa sababu hiyo peke yake hatumshauri mtu mwenye watoto kununua daraja A, isipokuwa mpenzi wa muziki mwenye umeme wa hakika na mahali pa wazi pa kuiweka.

Daraja D lina lawama moja: mapigo yake ya haraka huweza kuvuruga redio ya mawimbi mafupi au ya kati iliyo karibu, ikaanza kuvuma. Iondoe redio hatua chache, na ufupishe waya za spika. Nayo AB haifai kudharauliwa. Mwenye kuraa ya kila siku, akipata AB iliyokwisha tumika Ulaya kwa bei ndogo, na fundi wa karibu aijuaye kuitengeneza, atakuwa na chombo cha miaka mingi, kwa kuwa vipande vyake ni vikubwa na hubadilishwa kimoja kimoja. Ampli ya D ikiharibika, mara nyingi hutupwa yote.

Basi kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aweke wimbo wa gitaa au wa kwaya unaoujua vizuri, kisha aipunguze sauti mpaka iwe kama ya mtu anenaye polepole chumbani watoto wakiwa wamelala. Hapo ndipo kasoro hujitokeza. Ukisikia mkwaruzo mwishoni mwa kila sauti, au mvumo chini ya muziki, rudisha sanduku rafuni. Mwache alipandishe baadaye akitaka. Wewe utakuwa umekwisha sikia ulichokuja kusikia.