Kiswahili na Sauti ya Mtoto Mkimbizi: Kutoka Vituo vya Utafiti vya Makerere hadi Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua historia ya vituo vya utafiti wa masuala ya mtoto katika Chuo Kikuu cha Makerere na kueleza umuhimu wake kwa watoto wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Inabainishwa kwamba tafiti kuhusu ukatili dhidi ya watoto zilipata nguvu kwa kuuliza kuhusu tendo badala ya jina la tendo. Makala yanahoji kwamba kanuni hiyo inapaswa kutumika pia katika maswali kuhusu malezi, hasa pale yanapoulizwa kwa Kiswahili miongoni mwa watoto wenye asili ya Kongo, Burundi na Rwanda.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1989 una nafasi ya pekee katika historia ya masuala ya mtoto nchini Uganda. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha Kituo cha Afya na Maendeleo ya Mtoto. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara nacho kilifunguliwa, kikawa chuo kikuu cha pili cha umma nchini. Tarehe 20 Novemba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990. Kifungu cha 12 cha mkataba huo kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu, na fursa ya kusikilizwa katika mashauri ya kisheria na ya kiutawala.

Wakati huo makazi ya Nakivale, yaliyo kusini-mashariki mwa Mbarara katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Isingiro, yalikuwa yamekwisha kudumu kwa takriban miongo mitatu. Wakazi wake wa mwanzo walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Baadaye walifuata wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na Eritrea. Katika mkusanyiko huo wa lugha, Kiswahili ndicho ambacho wengi hukitumia wanapokutana sokoni, zahanati au mbele ya afisa. Swali la msingi ni hili: mtoto wa Nakivale anaposikilizwa, je, kinachoandikwa ndicho alichokisema?

2.0 Vituo vya Utafiti na Njia ya Kuifikia Sera

Kituo cha Afya na Maendeleo ya Mtoto kiliasisiwa kwa mtazamo kwamba hali ya mtoto haiwezi kuelezwa na tiba peke yake. Kwa hiyo kiliwakutanisha wataalamu wa tiba na wale wa sayansi za jamii. Mfano mmoja wa matunda ya mtazamo huo ni programu ya malezi iliyojengwa juu ya dhana ya heshima. Badala ya kuwaendea wazazi kwa istilahi za haki za binadamu zilizoletwa kutoka nje, watafiti walianza na jambo ambalo wazazi wenyewe walilithamini, yaani familia yenye heshima mbele ya jamii, kisha wakaonesha kwamba malezi yasiyo na ukatili huijenga heshima hiyo.

Mazingira ya kisheria nayo yalikuwa yakibadilika. Sheria ya Watoto ilitungwa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2016. Elimu ya Msingi kwa Wote ilianza mwaka 1997. Mwaka 2013 kilianzishwa kituo cha AfriChild, chenye makao Makerere, kwa lengo la kuzalisha ushahidi wa kitafiti kuhusu mtoto wa Afrika na kuufikisha kwa watunga sera.

Haja ya ushahidi huo ilidhihirika katika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao data zake zilikusanywa mwaka 2015 na ripoti kutolewa mwaka 2018 chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Miongoni mwa vijana wenye umri wa miaka 18 hadi 24, asilimia 35 ya wanawake na asilimia 17 ya wanaume walieleza kufanyiwa ukatili wa kingono utotoni. Kwa ukatili wa kimwili, viwango vilikuwa asilimia 59 na asilimia 68 mtawalia. Mwaka 2022 utafiti wa aina hiyo ulifanywa mahususi katika makazi ya wakimbizi nchini.

3.0 Kuuliza Tendo, Si Jina la Tendo

Takwimu hizo zilipatikana kwa mbinu ambayo kimsingi ni ya kiisimu. Hojaji za tafiti za aina hii hazimwulizi kijana kama alifanyiwa “ukatili”. Humwuliza kama aliwahi kupigwa kofi, kupigwa teke, kuchapwa kwa kitu, au kukabwa. Sababu yake ni wazi. Neno “ukatili” limebeba hukumu, na anayelisikia hulilinganisha na kipimo cha jamii yake. Mtoto aliyechapwa hadi akavimba anaweza kujibu kwamba hajafanyiwa ukatili, kwa kuwa nyumbani tendo hilo huitwa “kutiwa adabu”. Swali likitaja tendo lenyewe, tofauti za majina hupungua nguvu.

Kanuni hii ina faida ya pili, kwani hurahisisha tafsiri. Vitendo vinavyoonekana hupata visawe katika lugha lengwa kwa urahisi kuliko dhana za kisheria. Hata hivyo, hojaji hiyo hiyo, kama ilivyo fomu ya usajili, huwa na maswali mengine yanayoonekana mepesi zaidi: Unaishi na nani? Je, wazazi wako wapo? Hapa mhoji huuliza kwa majina, na hapa ndipo hatari ilipo.

4.0 Istilahi za Udugu na Uainishaji wa Mtoto

Sheria ya Watoto ya Uganda humtambua mzazi kuwa ni baba au mama aliyemzaa mtoto, au aliyemwasili kisheria. Mashirika ya kuhudumia wakimbizi nayo hutofautisha makundi mawili. Mtoto aliyetenganishwa ni yule asiye na wazazi wake wote wawili, lakini anaweza kuwa na ndugu wengine. Mtoto asiye na msindikizaji hana wazazi wala ndugu, wala mtu mzima anayewajibika kumtunza. Kundi analowekwa mtoto huathiri ufuatiliaji wa malezi yake, utafutaji wa familia yake na hatua za kulinda maslahi yake.

Istilahi za udugu hazikugawanywa kwa mstari huo. Katika Kiswahili, dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, na kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Kinyarwanda kina mpangilio unaokaribiana nao, ambamo ndugu wa kiume wa baba huitwa “data wacu” na ndugu wa kike wa mama “mama wacu”. Mtoto aliyelelewa katika mfumo huu husema “ninaishi na mama” bila kudanganya wala kukosea. Mwandishi wa fomu huweka alama kwenye kisanduku cha mzazi, na mtoto aliyetenganishwa na wazazi wake hutoweka kwenye orodha.

Tofauti za lahaja huongeza ugumu. Mkongomani husema “mutoto” na “batoto” pale Kiswahili sanifu kinaposema “mtoto” na “watoto”, na tofauti hiyo haimpotezi mtu. Neno “yaya” ni jambo jingine. Katika Kiswahili sanifu ni mwanamke aliyeajiriwa kulea mtoto, ilhali katika Kiswahili cha Kongo ni ndugu mkubwa. Jibu “ninakaa na yaya” laweza kueleweka na mkalimani aliyesomea Kiswahili sanifu kuwa kuna mtu mzima anayelipwa kumlea mtoto. Huenda ukweli ukawa kwamba watoto wawili wanaishi peke yao, na mkubwa wao ana umri wa miaka 15. Hapo kosa la tafsiri huwa kosa la ulinzi.

5.0 Nafasi ya Vyuo Vikuu na Sera ya Kiswahili

Uganda ina msingi wa kisera wa kulishughulikia suala hili. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa hatua hiyo. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Hivyo wakimbizi wengi wa Nakivale ni raia wa nchi wanachama, na Kiswahili chao, pamoja na lahaja zake, ni sehemu ya Kiswahili cha Jumuiya.

Hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, maswali kuhusu malezi yafuate kanuni ya tendo: nani alikuzaa, nani anakupikia, nani anakupeleka zahanati, na mtu huyo ana umri gani. Swali kuhusu aliyemzaa liulizwe kwa upole na mhoji aliyefunzwa, kwa kuwa linaweza kuamsha majonzi. Pili, kila hojaji ya Kiswahili ijaribiwe Nakivale kwenyewe pamoja na wazungumzaji wa Kiswahili cha Kongo kabla ya kutumika. Kuitafsiri upya katika lugha chanzi hakutoshi, kwa kuwa “yaya” hurudi likiwa na maana ya mtafsiri na kuiacha ile ya mtoto. Tatu, vyuo vikuu vya Mbarara, vilivyo karibu na makazi, vishirikiane na vituo vya Makerere katika kuwafunza wakalimani na wahoji, huku Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyopo Zanzibar ikisaidia kusanifisha istilahi za ulinzi wa mtoto bila kuzifuta lahaja.

6.0 Hitimisho

Historia ya vituo vya Makerere inaonesha kwamba utafiti kuhusu mtoto huigusa sera pale unapoanza na maneno ya watu wenyewe. Dhana ya heshima ilifungua mjadala wa malezi, na kutaja tendo kulifichua ukatili uliofichwa na jina. Kwa mtoto wa Nakivale, haki ya kusikilizwa iliyotajwa mwaka 1989 itatimia pale mhoji atakapoelewa kwamba “mama” na “yaya” ni maneno yanayohitaji swali la pili kabla fomu haijajazwa.