Unachonga majina nyumbani na sasa unataka duka? Piga hesabu hizi kwanza

Kama unachonga majina kwenye vikombe vya mashindano, vishikio vya funguo, kalamu au vibao vya mlango, huenda ulianzia nyumbani: mashine moja ya leza kwenye kona ya sebule, oda zinaingia kwa WhatsApp, mzigo unaenda na bodaboda. Halafu siku moja unaona chumba kinapangishwa kwenye eksibishoni mjini na moyo unaruka. Duka lenye jina lako, kioo mbele, watu wanapita.

Wateja wetu wakifika hapo huwa wanatuuliza swali moja: nichukue namba ya biashara ama niendelee na laini yangu ya kawaida? Tutalijibu hapa chini. Lakini kuna swali linalotangulia: jina likishachongwa, mteja asiporudi, hasara ni ya nani?

Muuza viatu hana shida hiyo. Mteja akighairi, kiatu kinarudi kwenye rafu na kesho kinapata mguu mwingine. Kombe lililoandikwa "Mwanafunzi Bora, Darasa la 6" pamoja na jina la shule halina mnunuzi wa pili. Ulilinunua likiwa na thamani, ukalitia stima na saa zako, na dakika ile leza inapogusa chuma thamani yake kwa mtu mwingine yeyote inaisha. Ukiwa nyumbani, wengi wa wateja wako ni watu unaowajua au wameletwa na unaowajua. Ukifungua duka, anaingia mtu aliyeona kibao tu akipita, anaagiza, anasema anarudi saa kumi, na hamjuani kabisa.

Mlango ukifunguliwa unakula ngapi kwa siku?

Tuchukue mfano. Hizi si bei za mtaa wowote, weka zako. Kodi ya chumba 20,000, stima 4,000, msaidizi 15,000, na 2,000 unayoweka kando kila mwezi kwa ajili ya leseni ya kaunti na mambo madogo. Jumla 41,000. Ukifungua siku 26 kwa mwezi, hiyo ni karibu shilingi 1,577 kila siku kabla hujapata hata ya chai.

Sasa kishikio cha funguo unauza 300 na kikiwa kitupu ulikinunua 80. Inabaki 220. Inabidi uuze 8 kila siku ndipo mlango ujilipe. Lakini shule moja ikiagiza medali 40, na kila medali inakuachia 120, hiyo ni 4,800, yaani siku tatu za duka zimelipwa na oda moja. Kwa maoni yetu, hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea mtaa. Wanatafuta barabara yenye watu wengi zaidi, na kulipa kodi ya barabara hiyo, wakati pesa yao iko kwa walimu wa michezo, makanisa, SACCO na kampuni zinazotoa tuzo mwisho wa mwaka. Watu hao watapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu mradi wajue uko. Mpita njia hapandi.

Angalia pia msimu. Mwisho wa muhula wa tatu, mahafali na sherehe za Desemba huleta kazi hadi unakesha. Kisha inakuja Njaanuari, na mwenye jengo hajui utani huo. Weka akiba ya kodi ya miezi miwili au mitatu kabla ya kutia sahihi chochote.

Na kabla ya sahihi, uliza kuhusu gudwili, zile pesa zinazodaiwa ili upewe chumba, mbali na kodi na depoziti ya nyumba. Kwenye majengo mengi ya mjini zinaweza kuzidi bei ya mashine yako, na mara nyingi hazirudi. Kama huna karatasi inayosema umelipa nini na kwa nani, usilipe.

Kuna jambo ambalo muuza nguo haulizwi, wewe utaulizwa: moshi. Leza ikikata akriliki, mbao au ngozi hutoa harufu kali, na jirani anayeuza magauni ya harusi hatavumilia wiki mbili. Hakikisha chumba kina dirisha au ukuta wa nje unaoweza kupitisha bomba la feni. Plastiki ya PVC usiikate kwa leza hata mteja akikubembeleza. Inatoa gesi ya sumu, na gesi hiyo hiyo inaozesha vyuma vya mashine.

Jua pia mashine yako inaweza nini, kwa sababu dukani watu huja na vitu vyao mkononi. Leza ya CO2 ni nzuri kwa mbao, ngozi, akriliki na kioo, na inaweza kuondoa rangi iliyopakwa juu ya chupa ya chai. Kwenye chuma kitupu, kama mgongo wa saa, haiandiki bila kupaka dawa maalum kwanza. Hapo inatakiwa leza ya faiba. Mteja akileta saa ya marehemu babake, usikubali kazi ya kujaribia.

Depoziti, na ile "sawa" ya maandishi

Wazee wa Pwani wana neno zuri: arubuni. Ni pesa inayotolewa kuonyesha kwamba mnunuzi hatanii. Kwa kazi ya kuchonga, tungekushauri arubuni isipungue gharama ya kitu chenyewe kikiwa kitupu pamoja na muda wa mashine. Kwa wengi hiyo inakuja karibu nusu ya bei. Kazi ndogo ya kusubiri dukani, chukua pesa yote kwanza. Mteja wa kweli hachukii akielezwa sababu: "Nikishaandika jina lako siwezi kumuuzia mwingine."

Kabla leza haijawashwa, mtumie mteja picha ya maandishi yatakavyokaa, naye ajibu kwa maandishi kwamba ni sawa. Usikubali kusomewa jina kwa simu. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni watu watatu tofauti. Ng'ang'a ana alama mbili ambazo msaidizi akiharakisha atazisahau, na fonti nyingi za kupendeza hazina ile ũ ya Wairimũ, zinaacha mwanya mtupu ama zinaweka herufi ya ajabu. Tarehe nazo: 5/4 kwa mmoja ni Aprili, kwa mwingine ni Mei. Andika mwezi kwa jina. "Sawa" hiyo ikiwa kwenye simu yako, kosa la tahajia linajulikana ni la nani, na hamna haja ya kugombana mbele ya wateja wengine.

Sasa, pesa iingie wapi?

Isiingie kwenye laini yako ya kibinafsi. Pesa ya mauzo ikikaa pamoja na pesa ya nyumbani, mwisho wa mwezi huwezi kujua kama duka lilijilipa zile 41,000 ama ulilisaidia kwa mfuko wako bila kujua.

Kati ya Till na Paybill, chaguo linategemea aina ya kazi zako. Till ni rahisi: mteja anaweka namba na kiasi, basi. Inafaa kazi za papo hapo. Paybill inamtaka mteja aweke pia namba ya akaunti, na kwa mchongaji hiyo ni faida kubwa, kwa sababu akaunti inaweza kuwa namba ya oda. Ukipokea depoziti tano za 1,500 siku moja, jina kwenye ujumbe linaweza kuwa la dada, la mume au la mhasibu wa shule, si la aliyeagiza. Namba ya oda inamaliza ubishi. Ukibaki na Till, basi andika papo hapo kwenye kitabu cha oda ile namba ya muamala.

Malipo yahakikishe kwenye simu au taarifa yako mwenyewe, kamwe si kwenye skrini ya mteja. Ujumbe wa kughushi unaandikwa kwa dakika moja. Na mtu akidai alituma kimakosa na anataka arudishiwe, usimtumie pesa kwa mkono. Afuate utaratibu wa kurudishiwa muamala kupitia kampuni, nawe ukiulizwa uonyeshe oda yake na ile "sawa" yake.

Kuhusu KRA: kama mauzo yako ya mwaka ni kati ya milioni 1 na milioni 25, unaweza kuwa chini ya kodi ya mauzo, ile inayoitwa TOT, asilimia 3, inayolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Inatozwa kwenye mauzo yote, si faida. Kwa kile kishikio cha 300 ni shilingi 9, na kodi ya chumba haipunguzwi humo. Iweke kwenye bei tangu mwanzo. Kibao cha nje pia kina ada yake ya kaunti, hata kama umekichonga mwenyewe.

Mwisho, vitu visivyochukuliwa. Andika kwenye risiti siku utakazovihifadhi, na salio lilipwe kabla kitu hakijatoka kaunta, hata kwa shule. Shule ikitaka kuchukua vikombe leo na kulipa baada ya karo kuingia, ipe oda ndogo kwanza uone inalipa vipi, na depoziti yake ifunike angalau vikombe vyenyewe.