Simu inapokataa programu mpya, usikimbilie kufuta ya zamani

Wiki iliyopita msikilizaji wetu mmoja, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, alitutumia ujumbe wa sauti. Hesabu zote za kikundi anazitunza kwenye programu ya simu. Ndugu yake alimrushia toleo jipya kwa WhatsApp, lakini kila akijaribu kuliweka, simu inakataa. Inasema programu haikuwekwa kwa sababu inagongana na iliyopo. Fundi wa mtaani akamwambia afute ya zamani kwanza. Akatuuliza: nifute?

Hewani tulimjibu kwa kifupi: usifute. Muda haukutosha kueleza sababu, kwa hiyo tunaieleza hapa.

Muhuri usioonekana

Simu za Android hazipokei programu isiyo na sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji wake. Sahihi hiyo ni hesabu. Mtengenezaji ana ufunguo wa siri, yaani namba ndefu sana anayoitunza mwenyewe. Kompyuta yake huipigia programu nzima hesabu kwa ufunguo huo, na jibu huambatanishwa na faili. Simu yako huhakiki jibu hilo kwa ufunguo wa wazi unaokuja pamoja na programu. Mtu akibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, hesabu haikubali.

Ukishaiweka programu, simu inakumbuka ni sahihi ya nani. Toleo jipya likija, inalinganisha, kama karani wa benki anavyolinganisha sahihi yako na ile ya siku ulipofungua akaunti. Tapeli anaweza kuiga jina na picha ya programu. Sahihi hawezi kuiiga bila ule ufunguo wa siri.

Kwa hiyo simu inaposema programu inagongana na iliyopo, mara nyingi maana yake ni kwamba aliyetia sahihi faili hili si yule wa kwanza. Huenda ni mtu aliyeondoa matangazo tu. Huenda pia amepachika kitu cha kusoma ujumbe wako na namba zako za siri. Simu haijui nia yake.

Ukifuta, unapoteza mara mbili. Kwanza, kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani ya programu zinaondoka nayo. Pili, simu inasahau ile sahihi ya zamani, na faili la mgeni linapokelewa kama programu mpya kabisa. Umemwondoa mlinzi getini kwa mkono wako.

Ufanye nini?

1. Soma ujumbe wote. Si kila kukataa ni suala la sahihi. Kama nafasi imejaa, punguza picha na video. Kama faili limekatika njiani, lipakue upya. Kama Android yako ni ya zamani sana, programu mpya inaweza isikubali.

2. Jiulize faili limetoka wapi. Lililorushwa kwa WhatsApp au Bluetooth liache. Tafuta toleo jipya mahali pale pale ulipoipata programu mara ya kwanza, kama Play Store.

3. Nakili kumbukumbu kabla ya kugusa chochote. Kama programu haina sehemu ya kutoa nakala, chukua daftari na kalamu.

4. Futa pale tu mtengenezaji mwenyewe, kwa njia yake rasmi, anapotangaza kwamba amebadilisha ufunguo, na wewe tayari una nakala.

5. Kama ni tovuti zinazokuonya kwamba si salama, angalia tarehe ya simu. Simu iliyokaa siku nyingi bila chaji huweza kurudi tarehe ya nyuma, na vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Weka tarehe na saa zijirekebishe zenyewe.

Hata watengenezaji hukwama

Waandishi wengi wa programu hutunza kazi yao kwenye Git, chombo alichoanzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Kila badiliko wanaweza kulitia sahihi, na sahihi hizo nazo hugoma: ufunguo umepitwa na tarehe, au barua pepe iliyo kwenye ufunguo si ile wanayofanyia kazi. Asiye makini huzima sahihi ili kazi iende. Aliye makini hurekebisha ufunguo, kwa sababu siku mtu mwingine akiingiza badiliko kwa jina lake, sahihi ndiyo itakayomtetea.

Katibu wetu alinakili hesabu kwenye daftari, akafungua Play Store alikoipata programu mwanzo. Toleo jipya lilikuwapo. Liliingia bila ubishi, na akiba ya kila mwanachama ikabaki mahali pake.

Na wewe, simu yako imekugomea? Tutumie ujumbe na uandike maneno yote inayokuonyesha, nasi tutakujibu kipindini.